Anayempima Mchezaji Ameshika Dhamana

Mpira wa kikapu wa wanawake nchini Marekani hauwezi tena kuitwa mchezo wa pembeni. Fainali ya vyuo vikuu ya Aprili 2024, South Carolina dhidi ya Iowa, ilitazamwa na watu karibu milioni 19 nchini humo, ikaipita ya wanaume kwa mara ya kwanza. Wiki moja baadaye, uteuzi wa wachezaji wapya wa ligi ya kulipwa, WNBA, uliofanyika Brooklyn, ulipata watazamaji zaidi ya milioni mbili. Ligi imeshafunga mikataba ya matangazo ya miaka 11 yenye thamani ya dola bilioni 2.2, na wamiliki wa timu mpya za Cleveland, Detroit na Philadelphia wamekubali kulipa dola milioni 250 kila mmoja ili waingie. Fedha zimefika, kamera zimefika, wadhamini wamefika. Kilichobaki nyuma ni uangalifu katika kazi ya kuwapima mabinti wanaotoka vyuoni na kuamua nani aitwe na nani aachwe.

Kwanza itazamwe jinsi mlango ulivyo mwembamba. Daraja la kwanza la michezo ya vyuo, chini ya NCAA, lina timu za wanawake zaidi ya 350, kila moja ikiwa na wachezaji kumi na kadhaa. Mwaka 2025 walioteuliwa kwenda WNBA walikuwa 38. Ligi wakati huo ilikuwa na timu 13, na hakuna iliyoruhusiwa kubaki na wachezaji zaidi ya 12, yaani nafasi 156 kwa dunia nzima, nyingi zikiwa tayari na wenyewe. Ndiyo maana katika miaka kadhaa ya karibuni, msimu ulipofunguliwa, chini ya nusu ya walioteuliwa walikuwa bado wamo vikosini. Wapo waliopigiwa vigelegele na familia zao na vyuo vyao jina lilipotajwa, na kabla mwezi haujaisha wakawa wamerudi nyumbani na mabegi yao. Chini ya mkataba wa pamoja wa ligi na wachezaji wa mwaka 2020, Caitlin Clark, aliyeitwa wa kwanza mwaka 2024, alistahili dola 76,535 kwa msimu wake wa kwanza. Walioitwa mwishoni walikuwa chini ya hapo, na aliyeachwa kambini hakuwa na dhamana ya mshahara huo.

Kwa hali hiyo, kosa la msaka vipaji halimgharimu sana msaka vipaji. Timu iliyomteua asiyefaa inamwacha na kumtafuta mwingine. Timu iliyompita anayefaa mara nyingi haitajua kamwe ilichopoteza. Mwenye kulipa ni yule binti wa miaka 22 ambaye hukumu juu yake ilitolewa na watu waliomwona mara mbili, au waliomwona kwenye kioo cha kompyuta tu, au waliosoma yale yaliyoandikwa na wengine.

Haki inataka upande wa timu nao usikilizwe. Timu ni biashara, kocha anaajiriwa ili ashinde na anafukuzwa akishindwa, na hakuna mchezaji aliyezaliwa na haki ya kuitwa. Kukisia binti wa chuo atakuwa mchezaji wa namna gani baada ya miaka mitatu ni kazi ngumu, na hata watu makini waliokaa kwenye viwanja maisha yao yote hukosea. Bajeti za timu nyingi za wanawake, kwa zaidi ya miongo miwili tangu ligi ianze kuchezwa mwaka 1997, zilikuwa finyu kiasi kwamba msaidizi mmoja wa kocha ndiye aliyekuwa mchambuzi, msaka vipaji na mpangaji wa safari kwa wakati mmoja. Hayo yote ni kweli na gazeti hili halioni sababu ya kuyapuuza.

Lakini uteuzi wa namna hii si ajira ya kawaida, na hapo ndipo utetezi huo unapofikia mwisho wake. Mhandisi anayemaliza chuo hupeleka maombi popote anapotaka, na akikataliwa na kampuni moja anabisha hodi kwa nyingine. Mchezaji wa kikapu hana uhuru huo. Sheria imemwekea umri: Mmarekani hakuruhusiwa kuingia kabla ya mwaka anaotimiza miaka 22, isipokuwa awe amehitimu chuo au miaka minne imepita tangu amalize sekondari. Akishaitwa, timu iliyomwita ndiyo pekee yenye haki naye katika ligi hiyo. Haulizwi anataka kuishi mji gani wala kufundishwa na nani. Chama cha wachezaji kimeukubali utaratibu huu ili timu tajiri zisizoe vipaji vyote, na sababu hiyo ina uzito. Hata hivyo, aliyepewa mamlaka ya kumchagulia mtu mwajiri bila ridhaa yake amepewa pia wajibu wa kumpima kwa bidii, kwa macho yake mwenyewe na kwa haki. Mamlaka haya yalitolewa pamoja na wajibu wake, na timu haziwezi kuchukua la kwanza zikaliacha la pili.

Sasa itazamwe nafasi ya kutimiza wajibu huo. Mwaka 2025 fainali ya vyuo ilichezwa tarehe 6 Aprili, uteuzi ukafanyika tarehe 14, kambi zikafunguliwa tarehe 27, na ligi ikaanza tarehe 16 Mei. Kati ya kuvua jezi ya chuo na kuvaa ya timu ya kulipwa zilikuwa siku nane. Mchezaji ambaye bado alikuwa na haki ya kurudi chuoni, na ambaye timu yake ilifika mbali katika mashindano, alipewa saa 48 baada ya mechi yake ya mwisho aamue maisha yake. Wanaume wa NBA, wanaomaliza fainali ya vyuo wiki hiyo hiyo, huteuliwa mwishoni mwa Juni. Katikati wana kambi ya Chicago ya mwezi Mei, wanapimwa urefu na kasi, wanahojiwa, wanachunguzwa na madaktari, kisha wanaalikwa na timu moja moja wakafanye mazoezi mbele ya walimu. Kwa wanawake mwaka huo hapakuwa na kambi ya uzito huo. Kilichobaki kilikuwa mechi zilizorekodiwa, mazungumzo ya simu na sifa za makocha wa vyuo, ambao nao wana maslahi yao.

Viongozi wa ligi watasema kwamba WNBA huchezwa majira ya joto, kwamba viwanja vingi ni vya watu wengine, na kwamba Olimpiki na Kombe la Dunia huikata kalenda katikati. Hoja hizi zina uzito wake. Ila wasomaji wanakumbuka yaliyotokea San Antonio mwaka 2021, pale timu za wanawake zilipokuta rafu moja ya vyuma vidogo vya mazoezi huku wanaume wakiwa na ukumbi mzima huko Indianapolis. Maelezo ya kwanza ya NCAA yalikuwa kwamba hapakuwa na nafasi. Sedona Prince, mchezaji wa Oregon, akageuza simu yake akaonyesha sakafu pana iliyo tupu, na siku chache hazikupita vifaa vikaja. Sheria ya Title IX, inayokataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu, wakati huo ilikuwa na umri wa karibu nusu karne. Tangu hapo taasisi hizi zikisema kwamba nafasi haipo, umma una haki ya kuomba kuonyeshwa sakafu.

Uangalifu wenyewe unafananaje? Wanaoifanya kazi hii kwa dhati wanajua kwamba jumla ya pointi ndiyo inayodanganya kuliko zote. Mchezo wa chuo na ule wa ligi vinafanana kwa mbali. Chuoni timu ina sekunde 30 za kutupa. WNBA ina 24, na zile sita zinazokatwa ndizo ambazo gadi wa chuo huzitumia kutafakari. Chuoni mlinzi mrefu anaweza kusimama chini ya kikapu muda wote akingoja wanaoingia. Katika ligi, tangu 2013, akikaa katika eneo lililopakwa rangi chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu bila kumkaba mtu anaadhibiwa. Senta aliyeitwa mlinzi bora wa kanda yake anaweza kufika kwenye ligi akagundua kwamba kazi yake haipo tena, na kwamba sasa anatakiwa kutoka hadi kwenye mstari wa pointi tatu kumfuata mchezaji mwepesi kuliko yeye. Mstari huo walau ni mmoja: tangu msimu wa 2021–22 vyuo vya wanawake vinatumia ule wa mita 6.75.

Kwa hiyo msaka vipaji mwaminifu hukaa karibu na benchi la timu, akaacha viti vya kifahari vya katikati. Anatazama miguu ya mlinzi anapokimbilia mtupaji: je, anafupisha hatua na kusimama, au anapita kama upepo na kuacha njia wazi? Anatazama skrini ikiwekwa, yaani mshambuliaji anapomzibia mlinzi njia, kama binti anamwambia mwenzake kwa sauti au ananyamaza akingoja kulaumu. Anatazama sekunde tano baada ya kupoteza mpira, maana wapo wanaorudi mbio kuzuia na wapo wanaoinua mikono kwa mwamuzi. Anaangalia mitupo huru, ambayo humweleza ukweli juu ya mkono wa mchezaji kuliko usiku mmoja wa pointi tatu saba. Anarudi tena mwezi Februari, wakati miguu imechoka na timu imefungwa mara nne mfululizo, kwa sababu anachokitafuta hakionekani kwenye ushindi wa pointi 40 wa mwezi Novemba. Baada ya hapo anaongea na dereva wa basi la timu, na daktari wa viungo, na mwalimu wa darasani. Kazi hii haifanyiki ndani ya siku nane, na haifanywi na mtu mmoja kwa vyuo mia tatu.

Matokeo ya kutoifanya yamo katika historia ya ligi yenyewe. Mwaka 1999 Becky Hammon alimaliza Colorado State na hakuna timu iliyomwita. Aliingia New York kama mtu wa kujaribiwa, akaja kuteuliwa mara sita katika mechi ya nyota, na baadaye akaiongoza Las Vegas kama kocha kutwaa ubingwa wa 2022, 2023 na 2025. Erica Wheeler wa Rutgers hakuitwa mwaka 2013. Mwaka 2019 alikuwa mchezaji bora wa mechi ya nyota. Kayla Thornton wa UTEP hakuitwa mwaka 2014, na akafika mechi ya nyota mwaka 2025, akiwa ameshacheza zaidi ya miaka kumi. Alysha Clark aliitwa katika raundi ya pili mwaka 2010, akaachwa, akaenda kucheza ng'ambo, kisha akarudi na kutwaa ubingwa mara tatu.

Kuna wanaozisoma simulizi hizi wakaridhika kwamba kipaji cha kweli hatimaye huonekana. Gazeti hili linapinga hitimisho hilo kwa nguvu zote. Tunawajua hawa kwa sababu walivumilia: waliweza kulala kwenye nyumba za kupanga za Uturuki, Israel au Australia wakingoja simu, hawakuumia, hawakuwa na mzazi mgonjwa wa kumhudumia wala deni lililowalazimisha kuchukua kazi ya benki. Walioshindwa kungoja hawana orodha. Hakuna kitabu cha takwimu kinachohifadhi asisti ambazo hazikutolewa, na kwa sababu hiyo hakuna msaka vipaji aliyewahi kuulizwa habari zake.

Kosa la upande wa pili, la kumsifu mtu kupita kiasi, lina madhara yake, na wasomaji wa Kiswahili wanalo katika kumbukumbu zao. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliitwa wa pili na Memphis katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009, mbele ya James Harden aliyekuwa wa tatu na Stephen Curry aliyekuwa wa saba. Alikuwa na urefu wa zaidi ya mita 2.2, alitoka chuo kikubwa cha Connecticut, na alikuwa ameanza kucheza akiwa tayari kijana wa sekondari. Februari 2010 alishushwa kwenda ligi ya chini, na hakuna aliyeitwa juu kama yeye aliyewahi kufanyiwa hivyo kabla yake. Watu walimcheka, hata hapa nyumbani. Lakini aliyekosea hakuwa yeye. Yeye alicheza kwa kadiri alivyofundishwa. Waliopima urefu wakadhani wamepima mchezo ndio walioshindwa kazi yao, na wao waliendelea kuitwa wataalamu. Kabla mabinti warefu wa Afrika hawajaingia katika mizani hiyo hiyo, somo hilo linapaswa kuwa limeshaeleweka.

Suala la mwili linahitaji tahadhari ya pekee. Ligamenti ya mbele ya goti hukatika kwa wanawake wanaocheza mchezo huu kwa kiwango kikubwa kuliko kwa wanaume. Paige Bueckers alikosa msimu wote wa 2022–23 kwa sababu hiyo, akarudi, akaitwa wa kwanza mwaka 2025 na kumaliza akiwa mchezaji mpya bora wa mwaka. JuJu Watkins, mchezaji wa chuo, alipata jeraha hilo hilo Machi 2025 katikati ya mashindano ya vyuo. Stephanie Soares aliitwa wa nne mwaka 2023 goti lake likiwa bado halijapona, na timu ilijua inachofanya. Timu ina haki ya kujua hali ya goti inalolilipia. Binti naye ana haki kwamba picha ya goti lake isizungushwe kwenye simu za watu, kwamba daktari anayemchunguza amweleze yeye kwanza, na kwamba maswali ya ndoa, ujauzito na mambo ya chumbani yasiwe sehemu ya mahojiano ya kazi. Ligi imewahi kuonyesha kwamba ikitaka inaweza kuadhibu: mwaka 2023, baada ya uchunguzi uliotokana na suala la Dearica Hamby aliyekuwa mjamzito alipohamishwa, Las Vegas ilinyang'anywa nafasi yake ya raundi ya kwanza ya 2025 na kocha wake akasimamishwa mechi mbili. Nguvu ile ile inatakiwa kumlinda asiye na jina.

Vyombo vya habari vimebeba sehemu yao ya lawama. Mara tu uteuzi mmoja unapokwisha, orodha za kubashiri ule wa mwaka ujao huanza kuchapishwa, na mwandishi mmoja hunukuu mwingine hadi majina kumi yanakuwa ukweli kabla mechi moja haijachezwa. Msaka vipaji asiye na muda huzisoma orodha hizo. Meneja anayeogopa kulaumiwa huzifuata. Hivyo ubashiri unajithibitisha wenyewe. Lugha nayo ina dhambi yake. Kwa miaka mingi mchezaji mweupe amesifiwa kwa akili na moyo, na mweusi kwa nguvu na mwili aliozaliwa nao, kana kwamba mmoja alijifunza na mwingine aliokota. Mjadala juu ya Caitlin Clark na Angel Reese ulilewa ubishi wa namna hiyo. Clark alikuja na pointi 3,951 za chuo, rekodi ya daraja la kwanza, na wapo waliodai kwamba angepotea mbele ya watu wazima. Alitoa asisti 337 katika msimu wake wa kwanza, ambazo hakuna aliyekuwa amewahi kuzifikisha kabla yake. Reese aliitwa wa saba kwa hoja kwamba hana mtupo wala nafasi ya kuchezea; akamaliza kwa wastani wa ribaundi 13.1, nao pia ukiwa rekodi. Wote wawili walikuwa na kasoro za kweli ambazo mtu makini angeziandika kwa utulivu: mmoja alipoteza mipira mingi, mwingine alikosa mitupo mingi ya karibu. Waandishi wengi waliona urahisi kuandika ugomvi.

Suala hili linatuhusu sisi pia. Mwadi Mabika alitoka Kinshasa, akafika Los Angeles ligi ilipoanza mwaka 1997, akatwaa ubingwa wa 2001 na 2002. Bella Murekatete wa Rwanda alichezea Washington State. Madina Okot, mzaliwa wa Mumias, alianzia kwenye voliboli, akacheza kikapu katika Chuo Kikuu cha Zetech, akaenda Mississippi State mwaka 2024 na mwaka uliofuata akahamia South Carolina kwa kocha Dawn Staley, na jina lake likaingia katika orodha za wanaotazamiwa kuteuliwa. Njia ipo. Ila anayeipita hukutana na swali ambalo wenzake wa Marekani hawakutani nalo: kumbukumbu zako ziko wapi? Msichana wa Texas ana mechi zake zilizorekodiwa tangu akiwa na miaka 14. Wa kwetu anaweza kuwa amecheza misimu mitatu ya ligi bila hata karatasi moja ya takwimu kuhifadhiwa, na tarehe yake ya kuzaliwa ikawa imeandikwa kwa namna mbili katika nyaraka mbili. Anapofika kwa mpimaji mwenye siku nane, asiye na kumbukumbu hupimwa kwa kitu kimoja tu kinachoonekana, yaani urefu wake, na tumeshaona mwisho wa kipimo hicho.

Mashirikisho ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo hayawezi kuilaumu Marekani kwa hilo. Karatasi ya takwimu haihitaji msaada wa wafadhili. Inahitaji mtu mmoja mezani, kalamu, na kiongozi anayeamini kwamba mechi ya wanawake ya saa nne asubuhi ina thamani sawa na ya wanaume ya jioni. Kamera moja juu ya kigoda inatosha kuanza. Mashirikisho yanatakiwa pia kujua ni wakala gani anazunguka shuleni akiahidi ufadhili wa masomo, chuo gani kimetajwa, na binti akiumia mwaka wa pili nani atamlipia matibabu na nauli ya kurudi. Mzazi anayeletewa fomu asiweke saini kabla ya kujibiwa maswali hayo kwa maandishi. Ufadhili mwingine unaotajwa kwa sauti kubwa huwa wa mwaka mmoja mmoja, na mwalimu aliyemtaka binti anaweza kuhama kabla hajafika.

Kwa WNBA na NCAA madai ya gazeti hili yako wazi. Kuwe na kambi rasmi ya upimaji, inayolipiwa na ligi na wazi pia kwa mabinti wa vyuo vidogo ambavyo hakuna kamera ya taifa iliyowahi kufika. Uchunguzi wa afya ufanywe na madaktari wasioajiriwa na timu yoyote, na majibu yatoke kwa ridhaa ya mwenye mwili. Kila timu ilazimike kuwa na wasaka vipaji wa kudumu wasio na kazi nyingine. Timu iliyolipiwa dola milioni 250 ili iwepo haiwezi kudai kwamba haina nauli ya kumtuma mtu kwenye chuo kidogo cha Montana mwezi wa Februari. Mchezaji anayeachwa kambini apewe sababu kwa maandishi, zenye maelezo ya mchezo, ili ajue cha kufanyia kazi na ili aliyeandika ajue kwamba maneno yake yatasomwa. Na kati ya fainali ya vyuo na siku ya uteuzi ziongezwe wiki tatu.

Hili la mwisho ndilo litakalopingwa kuliko yote, kwa hoja ya kalenda. Mwaka 2022 kila timu ya WNBA ilicheza mechi 36 za msimu. Mwaka 2023 zikawa 40, na mwaka 2025 zikawa 44. Ligi iliyopata nafasi ya mechi nane zaidi za kuuzia matangazo ndani ya misimu mitatu haina udhuru wa kukosa wiki tatu za kuwatazama mabinti inaowaamulia kazi.